Vikundi zaidi ya mia kwa wanafunzi 1,700: maisha ya nje ya darasa katika chuo kidogo cha Marekani

Mzazi wa Moshi au Kisumu ambaye mwanawe amepata udhamini wa kusoma Marekani hutegemea kusikia Harvard, au Yale, au walau jina la mji anaoufahamu. Akiambiwa Grinnell, Iowa, huomba arudiwe. Akiingia mtandaoni kujiridhisha, wasiwasi unazidi: chuo kina wanafunzi takriban 1,700, idadi ambayo shule kadhaa za msingi za Dar es Salaam zinaipita. Mji una wakazi elfu tisa na mia kadhaa. Ukitoka nje ya mji ni mahindi na soya mpaka macho yachoke, na treni za mizigo zinakatiza katikati ya chuo, mabweni huku na mabweni kule. Kisha anakuta kwamba mahali hapohapo pana vikundi vya wanafunzi zaidi ya mia moja, timu 20 za michezo zinazocheza ligi, gazeti la wanafunzi lililoanza mwaka 1894, kwaya, okestra, maigizo, na tamasha za muziki zisizo na kiingilio.

Watu hao wachache wanapata wapi muda, na nani analipa? Mtoto aliyezoea maisha ya shule ya bweni ya Kitanzania au ya Kikenya, yenye kengele, foleni na viranja, ataingilia wapi? Maswali haya yanajibika, ila majibu yake yamefungamana: ukivuta uzi wa pesa unakuta siasa, ukivuta wa pati unakuta sheria ya pombe. Nitatumia Grinnell kama mfano kwa sababu historia yake iko wazi na kwa sababu kina uhusiano wa kweli na sisi, lakini mengi yaliyomo humu yanahusu pia vyuo vidogo vingine vya Marekani kama Swarthmore, Carleton na Williams.

Kwanza, aina ya chuo. Hivi ni vyuo vinavyofundisha shahada ya kwanza tu, au karibu na hivyo. Hakuna shule ya udaktari, hakuna ya sheria, hakuna wanafunzi wa uzamili wanaozunguka na koti la maabara. Vingi vilianzishwa na watu wa dini katika karne ya 19; Grinnell ni cha mwaka 1846. Mwanafunzi huingia bila kufungwa na fani, husoma fizikia na falsafa muhula mmoja, kisha huchagua baadaye. Pale Grinnell somo la lazima ni moja tu, semina ya mwaka wa kwanza yenye watu kama kumi na wawili, na mwalimu wa semina hiyo ndiye anayekuwa mshauri wako mpaka uchague fani.

Pili, na hili ndilo lenye uzito, karibu wote wanaishi chuoni kwa miaka yao minne. Mtu wa Mlimani atalielewa hili kwa kulinganisha na alikotoka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wanafunzi makumi ya maelfu na mabweni hayatoshi, ndiyo maana neno kubebana, yaani kulala wawili kwenye nafasi ya mmoja, lina maana yake pale. Wengine wako Mabibo, wengine wamepanga Sinza au Changanyikeni. Ijumaa jioni mji unawameza: mpira Uwanja wa Mkapa, kanisa la kwenu, shangazi Mbagala, pwani, muziki. Chuo hakina haja ya kukuandalia starehe kwa sababu Dar ipo. Grinnell haina Dar. Des Moines, jiji la karibu lenye uwanja wa ndege, liko kilomita zipatazo 90. Basi la kukimbilia Jumamosi na kurudi Jumapili si kitu cha kutegemea, na Januari baridi inashuka nyuzi ishirini chini ya sifuri. Starehe isipotengenezwa hapo chuoni, haipo.

Na anayeitengeneza ni mwanafunzi.

Hapo ndipo hesabu ya watu wachache inapoanza kufanya kazi yake. Katika chuo kikuu cha watu elfu arobaini, okestra ina wapiga zumari wa kutosha wa kuchuja. Wewe uliyejifunza miaka miwili unabaki mtazamaji. Katika chuo cha watu 1,700 pengo lipo wazi na mtu anatafutwa wa kuliziba. Robert Noyce, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wavumbuzi wa saketi unganishi (chipu ya kompyuta) na mmoja wa waanzilishi wawili wa Intel, alisoma Grinnell akahitimu mwaka 1949. Alikuwa mwanafizikia. Vilevile aliimba, alipiga obo, aliigiza jukwaani, na mwaka 1947 alikuwa bingwa wa kupiga mbizi wa ligi ya vyuo vyao. Mtu angeweza kudhani alikuwa na kipaji cha ajabu, na kipaji alikuwa nacho, lakini ratiba ya namna hiyo ni ya kawaida katika vyuo hivi. Herbie Hancock naye aliingia palepale kusoma uhandisi akatoka mwanamuziki wa jazi.

Ni kama harusi ya kijijini: anayepika ndiye anayecheza ngoma, na aliyeazimisha viti ndiye anayepokea wageni. Faida yake ni kwamba hakuna anayekosa kazi. Hasara yake ni kwamba akiugua mtu mmoja, sherehe nzima inayumba.

Michezo inaonyesha pande zote mbili bila kificho. Grinnell inacheza katika daraja la tatu la michezo ya vyuo Marekani, ambako hairuhusiwi kumpa mtu udhamini kwa sababu ya miguu au mikono yake. Anayecheza anacheza kwa kupenda, na mwalimu wa kemia hana habari kama jana ulifunga. Mwaka 1889 chuo hiki kilicheza mpira wa Kimarekani na Chuo Kikuu cha Iowa na kushinda 24 kwa 0. Leo mechi hiyo haiwezekani hata kwa ndoto. Mchezo wenyewe unataka kikosi kikubwa, na vyuo vikubwa husajili wachezaji zaidi ya mia. Oktoba 2019 Grinnell ilikuwa imeanza msimu na wachezaji 39, majeruhi wakafika 11, wakabaki 28. Wachezaji wenyewe wakaona kuendelea ni kuhatarisha miili yao, na chuo kikafuta mechi zilizosalia. Gazeti la chuo kikubwa lingeliita jambo hilo aibu. Mimi naliona kuwa ni hesabu tu: ukiwa na vijana wa kiume mia nane na kitu, na timu nyingine kadhaa zinawagombea haohao, mchezo unaokula watu wengi ndio wa kwanza kukwama.

Kikapu kilikwenda njia nyingine. Kocha David Arseneault alifika mwishoni mwa miaka ya 1980 akakuta timu inayofungwa na wachezaji wasiofurahia. Akabuni mtindo wa kucheza kwa kasi isiyo na breki: kubana uwanja mzima, kurusha mitupo ya pointi tatu bila kusita, na kubadilisha wachezaji watano kwa mpigo kila baada ya muda mfupi, kama dakika moja. Wakosoaji walisema huo si mpira. Lakini angalia mtindo huo unafanya nini kijamii: badala ya watu saba kucheza na wengine kukaa benchi wakipasha moto mbao, kumi na tano wanaingia uwanjani kila mechi. Novemba 20, 2012, kijana wa timu hiyo aitwaye Jack Taylor alifunga pointi 138 peke yake dhidi ya Faith Baptist Bible, akirusha mara 108, na dunia nzima ikalijua jina la Grinnell kwa siku mbili tatu. Rekodi ilikuwa ya mtu mmoja, ingawa mtindo ulioizaa ulibuniwa ili kila mtu apate kucheza.

Pesa

Watu wengi hudhani maisha haya yanalipiwa na utajiri wa chuo, na utajiri upo: akiba ya uwekezaji ya Grinnell inazidi dola bilioni 2, sehemu yake ikitokana na kuwa miongoni mwa walioweka pesa Intel mapema, kwa sababu ya Noyce huyohuyo. Lakini pesa ya vikundi ina mkondo wake. Kila mwanafunzi hulipa ada ya shughuli za wanafunzi pamoja na karo. Mwenye udhamini kamili huenda asiione, kwa kuwa inafunikwa. Ada hizo hukusanywa katika kapu moja, na kapu hilo linasimamiwa na serikali ya wanafunzi, si na ofisi ya mhasibu peke yake.

Hapo ndipo siasa ya pale inapotofautiana na ya kwetu. Serikali ya wanafunzi ya Mlimani, DARUSO, imejipatia jina kwa kukabiliana na walio nje yake: bodi ya mikopo ikichelewesha bumu, yaani pesa ya kujikimu, menejimenti ikipandisha gharama, ndipo rais wa wanafunzi anapopimwa. Rais wa wanafunzi wa Grinnell anaweza kumaliza kipindi chake bila mgomo hata mmoja. Anapimwa kwa kugawa. Klabu ya sataranji inataka pesa ya usafiri kwenda mashindanoni. Wacheza densi wanataka mavazi. Kuna kikundi kinataka kumwalika mwanamuziki kutoka Chicago. Kila mmoja anaandika bajeti: watakuja wangapi, chakula shilingi ngapi (dola, kwa kweli), gari nani ataendesha. Kamati ya wanafunzi wenye umri wa miaka 19 na 20 inakaa jioni na kukata. Ukitaka kujua mtu amejifunza nini nje ya darasa, muulize kama aliwahi kukaa kwenye kamati hiyo na kumwambia rafiki yake wa chumba kimoja kwamba ombi lake limekataliwa.

Kwa kuwa wote wamekwisha kuchangia, mlangoni hakuna kiingilio. Filamu, tamasha, mechi, disko, yote bure. Jambo hili linaonekana dogo hadi uwe mtoto wa mkulima wa Njombe unayekaa chumba kimoja na binti wa tajiri wa California. Katika miji mikubwa tofauti yenu ingeonekana kila Ijumaa: yeye anakwenda, wewe unajifanya una kazi ya kumalizia. Hapa mnaingia mlango mmoja. Haimaanishi kwamba tofauti imefutika. Inarudi likizo ya katikati ya muhula, wenzako wanapokwenda kuteleza kwenye theluji Colorado na wewe unabaki kwenye bweni lililokaa kimya ukitafuta wapi pa kula.

Pati bila udugu wa siri

Aliyezoea kuona maisha ya chuo cha Kimarekani kwenye televisheni anayajua majumba yenye herufi za Kigiriki mlangoni, ambako vijana hujiunga kwa mchujo, huapishwa, na hupiga pati. Majumba hayo ni vyama vya udugu vya wanaume, na vya wanawake vipo pia. Grinnell haina. Mapema karne ya 20 iliamua kuwapanga wanafunzi kwa mabweni badala ya vyama hivyo, kila bweni likiwa na utambulisho wake. Vyuo vingine vilikuwa navyo vikaviondoa baadaye: Williams ilianza kuvifuta mwaka 1962, Colby na Amherst 1984, Bowdoin ikaamua mwaka 1997. Swarthmore ilibakiwa na viwili hadi 2019, wanafunzi walipovamia jengo la kimojawapo na kukaa humo baada ya nyaraka za ndani za chama hicho kuvuja zikiwa na maneno ya kudhalilisha wanawake na watu wa jamii za wachache. Vyama vyote viwili vikajivunja.

Kwa nini vyuo vidogo hasa ndivyo vilivyochoka navyo? Katika chuo kikubwa, udugu wa watu sitini ni kona moja ya mji. Usipoalikwa, kuna kona nyingine. Katika chuo cha watu 1,500, kikundi chenye nyumba, pombe na mlango unaochagua nani aingie hugeuka kuwa ndio wenye Jumamosi. Aliyenyimwa mlango hana pa kwenda.

Bila majumba hayo, disko la Grinnell hufanyika ukumbini, limeandaliwa na wanafunzi, na wanafunzi walioajiriwa kwa kazi hiyo ndio wanaosimamia mlango. Lipo la kila mwaka ambalo watu huvaa mavazi ya jinsia nyingine, liitwalo Mary B. James, na lipo la kuvaa suti na gauni na kucheza waltz. Kijana wa Kitanzania au wa Kikenya anaweza kushangaa mara ya kwanza; hakuna anayelazimishwa kwenda, na wengi huishia kwenda kuangalia.

Pombe inahitaji aya yake. Kwetu mtu wa miaka 18 ananunua bia bila kuvunja sheria. Marekani ni 21, tangu sheria ya shirikisho ya mwaka 1984 iliyoyabana majimbo kwa kuwanyima sehemu ya fedha za barabara wasipopandisha umri. Maana yake ni kwamba nusu au zaidi ya wanafunzi wa chuo hawaruhusiwi kunywa, na wengi wao wanakunywa. Chuo kinaishi na mkanganyiko huu kwa kutia mkazo kwenye usalama: aliyezidiwa apelekwe hospitali kwanza, maswali baadaye. Lakini polisi wa mji wana sheria yao. Kwa raia wa Iowa, kukamatwa na bia akiwa na miaka 19 ni faini na simu ya aibu kwa wazazi. Mgeni mwenye viza ya mwanafunzi ana jambo la ziada la kufikiria, kwa sababu rekodi ya polisi inaweza kuulizwa siku anayoomba viza mpya. Hili wenzake Wamarekani hawamwambii, si kwa ubaya, bali kwa sababu halijawahi kuwahusu.

Kujitawala, na nguruwe wa meya

Grinnell ina desturi inayoitwa kujitawala kwa wanafunzi. Kwa ufupi, jirani yako akipiga muziki saa nane za usiku, chuo kinategemea ugonge mlango wake kabla ya kumwita mtu wa ofisi. Kwa aliyetoka shule yenye viranja na mwalimu wa zamu, hili ni gumu kuliko somo lolote. Tumelelewa kupeleka kesi kwa mkubwa, au kunyamaza. Kugonga mlango wa mwenzako na kumwambia kwa upole kwamba anakukera ni ujuzi unaofundishika, ila haufundishwi kwenye semina yoyote.

Mipaka ya kujitawala ilijaribiwa zamani. Mwaka 1948 bweni la Noyce liliandaa karamu ya mtindo wa Hawaii, na karamu hiyo inataka nguruwe wa kuchoma. Noyce na mwenzake wakaenda usiku wakaiba kitoto cha nguruwe shambani. Asubuhi, wakiwa na aibu, wakarudi kuungama na kutaka kulipa. Kumbe shamba lilikuwa la meya wa mji. Iowa ni jimbo la wafugaji. Wizi wa mifugo huko ulikuwa kosa kubwa la jinai, na kijana angeweza kufukuzwa chuo na kufungwa. Mwalimu wake wa fizikia, Grant Gale, na mkuu wa chuo wakamtetea. Chuo kikalipa gharama ya nguruwe, Noyce akasimamishwa muhula mmoja, akaenda New York kufanya kazi kwenye kampuni ya bima, akarudi na kuhitimu pamoja na wenzake. Sina hakika kama chuo cha watu elfu arobaini kingekuwa na mkuu anayemjua mwizi wa nguruwe kwa jina.

Miaka ya karibuni desturi hii imekuwa chanzo cha ugomvi. Chuo, kwa kuogopa kesi na kwa kujali afya ya akili ya vijana, kimeajiri watumishi wengi zaidi wa mabweni na kuandika taratibu zaidi. Wanafunzi wanasema kujitawala kumebaki jina. Kila kizazi kinaamini kwamba waliotangulia walikuwa na uhuru zaidi, na safari hii nadhani hawajakosea sana.

Uhuru huo ulijitokeza mahali ambapo wakuu hawakupategemea: kazini. Wanafunzi wengi wa vyuo hivi hufanya kazi humohumo chuoni, bwaloni, maktaba, maabara. Mgeni mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, anaruhusiwa hadi saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, na kwa wengi hiyo ndiyo pesa ya mfukoni na ya kutuma nyumbani sikukuu. Mwaka 2016 wanafunzi wanaofanya kazi bwaloni Grinnell waliunda chama cha wafanyakazi, UGSDW, chama cha kwanza huru cha wanafunzi wa shahada ya kwanza katika chuo binafsi Marekani. Mwaka 2018 walijaribu kukipanua kiingize kazi zote za wanafunzi. Chuo kikapinga, wakarudi nyuma. Mwaka 2022 wakapiga kura tena na kikapanuka. Hiki hakimo kwenye orodha ya vilabu, lakini kilianza kama klabu yoyote inavyoanza, kwa watu wachache waliokuwa wakikutana kila siku kwenye bwalo moja.

Bwalo moja, kweli. Zamani yalikuwa mawili, la upande wa kaskazini na la kusini, na watu walikula na wa upande wao. Tangu mwaka 2006 wote wanakula mahali pamoja. Ni uamuzi wa majengo uliobadilisha nani anamjua nani kuliko mkutano wowote wa maelewano.

Mwafrika Mashariki katikati ya mahindi

Takriban mwanafunzi mmoja kati ya watano pale anatoka nje ya Marekani, kiwango kikubwa kwa chuo cha aina hii. Kuna umoja wa wanafunzi wa Afrika na Karibiani, kuna jumuiya ya wanafunzi wa kimataifa ambayo huandaa siku ya vyakula vya kwao, na kuna familia za mjini zinazojitolea kuwa wenyeji wa mwanafunzi mgeni: wanamwalika chakula, wanampeleka dukani, wanamtunzia masanduku likizo. Mpango huu wa familia wenyeji naupa alama za juu. Ndio unaomtoa mtu kwenye kisiwa cha vijana wa miaka ishirini na kumkalisha na bibi anayezungumzia mvua na bei ya mahindi, mazungumzo ambayo mtoto wa Iringa anayaweza vizuri kuliko mwenzake wa Manhattan.

Ila hesabu ileile inakufuata. Muislamu kutoka Tanga atakuta Waislamu wenzake, lakini wachache, na Ramadhani ikiingia huenda ikawa ni yeye anayekwenda kuzungumza na watu wa jikoni kuhusu daku. Waswahili wanaweza kuwa watatu chuo kizima: Mkenya mmoja, Mtanzania mmoja, Mkongo aliyekulia kambini. Siku ya maonyesho ya utamaduni, hao watatu ndio Afrika Mashariki. Watapika pilau, watacheza, watajibu maswali kuhusu simba. Mwaka wa kwanza inafurahisha.

Wa kwetu mashuhuri zaidi kupita pale si Mswahili kwa kuzaliwa, ingawa aliishi kati yetu. John Garang, aliyekuja kuongoza SPLM, chama cha ukombozi cha Sudan Kusini, alisoma sekondari Tanzania akiwa kijana mkimbizi, akapata udhamini wa Grinnell, akahitimu uchumi mwaka 1969. Alikuwa mwanafunzi pale Martin Luther King alipokuja kuhutubia Oktoba 1967, katika jengo la michezo kwa sababu hakukuwa na ukumbi wa kutosha. Ndivyo vyuo vilivyo mbali na miji vinavyofanya, vinaileta dunia kwa kuialika. Miaka hiyo wanafunzi weusi wa Grinnell walikuwa wamejiunga katika umoja wao, Concerned Black Students, ambao mwaka 1971 uliteka maktaba ya chuo kudai mabadiliko.

Garang alikuwa na nafasi ya kuendelea Berkeley. Akachagua Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ufadhili wa Thomas J. Watson, mfuko ambao mpaka leo huwapa wahitimu wa vyuo vidogo kama Grinnell mwaka mmoja wa kufuatilia jambo lao nje ya Marekani. Mlimani akajiunga na USARF, umoja wa wanafunzi wa kimapinduzi ulioanzishwa mwaka 1967 na kuongozwa na Yoweri Museveni. Hicho nacho kilikuwa kikundi cha nje ya darasa: mihadhara ya Jumapili, safari za vijijini, jarida la Cheche. Na hakikuwa na ada ya shughuli wala kamati ya kukata bajeti. Novemba 1970 serikali ilikifunga pamoja na jarida lake, kwa hoja kwamba tawi la vijana wa TANU linatosha. Ukiweka vyuo hivyo viwili kando kwa kando unaona kwamba Iowa swali la kila mwaka lilikuwa nani atapewa pesa, na Dar lilikuwa nani ataruhusiwa. Kikundi cha Dar, kwa maoni yangu, kilizaa viongozi wengi zaidi.

Yasiyoandikwa kwenye kipeperushi

Uchache una gharama ambazo wanafunzi huzitaja wao kwa wao. Kila mtu anakujua. Mkiachana na mpenzi, mtakutana bwaloni saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, na kesho kwenye semina ya watu kumi na wawili. Neno baya ulilosema mwaka wa kwanza bado linakumbukwa mwaka wa tatu. Hakuna mtaa wa kwenda kuwa mtu mwingine.

Pili ni uchovu. Kwa kuwa mapengo ni mengi kuliko watu, kukataa kunaonekana kama usaliti. Mwanafunzi anajikuta katibu wa hiki, mweka hazina wa kile, mchezaji wa timu, na saa kumi za kazi maktaba, huku masomo manne yakidai kurasa mia kadhaa kila wiki. Wengine huvikusanya vyeo kwa ajili ya fomu za kazi za baadaye, ingawa anayesoma fomu hizo kwa kawaida hupenda kuona mambo mawili yaliyodumu kuliko tisa yaliyoguswa. Mwenye kupiga msuli, yaani kukesha na vitabu, kwa mtindo wa kwetu, anayesema atajiunga na klabu akishamaliza mitihani, naye hugundua kwamba mitihani haiishi na marafiki walipatikana Septemba, kwenye yale maonyesho ya vikundi mwanzoni mwa mwaka ambako kila meza inakuomba uandike jina.

Na kuna jambo la mwaka wa tatu. Wanafunzi wengi wa Grinnell, zaidi ya nusu, huenda kusoma nje ya chuo kwa muhula mmoja, mara nyingi mwaka huo, na mwaka wa tatu ndio wanapokuwa wameiva kuongoza. Klabu iliyokuwa na mwenyekiti, katibu na mtu anayejua nywila ya akaunti inaweza kuamka Januari ikiwa haina hata mmoja wao: huyu yuko Ufaransa, yule yuko Tanzania akijifunza Kiswahili, wa tatu amechoka. Ndiyo maana orodha ya vikundi zaidi ya mia haiaminiki moja kwa moja. Katika mwaka wowote baadhi ni hai, baadhi ni majina, na baadhi vilikufa vikafufuliwa na mtu aliyetaka kucheza mchezo fulani akaambiwa kwamba klabu ipo tayari, ina salio kidogo, inachokosa ni mwenyekiti.